Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya anga yetu: sahihi ya mbali haitoshi

Kwa Mawaziri wenye dhamana ya uchukuzi, Wakurugenzi Wakuu wa mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania, Kenya na Uganda, na uongozi wa CASSOA, chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki cha usalama wa anga, Entebbe.

YAH: UKAGUZI WA KASORO ZA MUUNDO WA NDEGE ZA ABIRIA, NA HAKI YA ABIRIA KUJUA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ninayeandika ni fundi wa ndege mstaafu niliyefanya kazi karakana kwa miaka 31, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia kutafuta nyufa. Naomba nianze na kazi hiyo yenyewe, kwa kuwa wengi wenu mmefika kwenye viti hivyo kwa njia ya sheria, uchumi au utawala, jambo ambalo si kosa, ila ni vyema tuwe tunatazama kitu kimoja kabla sijasema ninachokiomba. Ufa wa ndege hauonekani kama ufa wa ukuta. Fundi huondoa rangi mahali panaposhukiwa, akapasafisha kwa dawa mpaka alumini ing'ae, kisha akapuliza wino mwekundu mwembamba kama maji na kusubiri robo saa ili upenye. Halafu huufuta wote kwa kitambaa cheupe mpaka kitambaa kitoke bila doa, na juu yake hupuliza unga mweupe. Hapo hukaa na tochi yake na kioo kidogo cha mkono, akatazama. Pakiwa pazima, unga hubaki mweupe. Pakiwa na ufa, wino uliojificha ndani hupanda taratibu, na uzi mwekundu hujichora wenyewe, mwembamba kuliko unywele, pengine urefu wake haufiki ukucha wa kidole cha mwisho. Uzi huo ndio unaoisimamisha ndege ya abiria 150, na fundi anayeuona saa 10 alfajiri, ndege ikitakiwa kuondoka saa 12, anajua fika kwamba siku hiyo hakuna atakayemshukuru.

Nimewahi kuuona uzi huo katika kampuni moja ambayo sitaitaja. Meneja wa zamu aliniuliza mara tatu kama ule haukuwa mkwaruzo tu. Mara ya nne aliniuliza kama nina watoto wanaosoma. Nilisaini nilichokiona, ndege ikasimama siku 9, na mwaka uliofuata mkataba wangu haukuongezwa.

Sababu ya nyufa hizo haina fumbo. Ndege ikiwa juu, mita 10,000 na zaidi, hewa ya nje haimtoshi binadamu, kwa hiyo ndani hujazwa hewa yenye mgandamizo, na bodi yote hutanuka kidogo kama mpira unaopulizwa, ikishuka, hunywea. Kutanuka na kunywea huko, safari baada ya safari, ndiko kunakoichosha alumini kwenye kona za madirisha, kwenye mistari ya ribiti, yaani misumari inayounganisha mabati ya ndege, na pale bawa linaposhikana na bodi. Mzee aliyenifunza kazi alikuwa amefundwa Embakasi, Nairobi, enzi za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililokuwa likirusha Comet 4 tangu mwaka 1960, na alipenda kutukumbusha kwamba Comet za kwanza, zile za Uingereza, zilipasuka angani mara mbili mwaka 1954, Januari karibu na kisiwa cha Elba na Aprili karibu na Naples. Wataalamu wa Farnborough, kituo cha utafiti wa ndege cha Uingereza, waliitumbukiza Comet nzima kwenye tangi la maji, wakaijaza na kuipunguza mgandamizo kana kwamba inapaa na kutua, mpaka bodi ikapasuka kwenye kona ya dirisha baada ya safari 3,057, za kweli na za kuigiza zikijumlishwa. Tangu siku hizo umri wa bodi ya ndege huhesabiwa kwa safari kuliko miaka, na jambo hili linatuhusu sisi kuliko wanavyodhani wengi, kwa sababu ndege inayokwenda Dar es Salaam na Unguja, mwendo wa dakika 20, inajihesabia safari nzima sawasawa na ile inayovuka bahari kwa saa 9.

Juu ya hilo kuna chumvi. Tarehe 28 Aprili 1988, ndege ya Aloha Airlines, Boeing 737 iliyokuwa ikirukaruka kati ya visiwa vya Hawaii, ilinyofolewa sehemu ya paa lake ikiwa angani, urefu wa zaidi ya mita 5, na mhudumu mmoja akapeperushwa nje asionekane tena. Ilikuwa na miaka 19 na safari zaidi ya 89,000, safari fupifupi, katika hewa ya bahari, na kutu na uchovu vilikuwa vimeunganisha nyufa ndogondogo kando ya mstari wa ribiti. Nani katika ninyi hayaoni mazingira ya Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar katika maelezo hayo? Na lipo jambo moja katika uchunguzi wa ajali ile ambalo halijanitoka kichwani: abiria mmoja aliuona ufa alipokuwa akipanda ndege, asimwambie mtu yeyote. Pengine alifikiri wakubwa wanajua.

Nyufa za uzee, hata hivyo, si ndizo zinazonitia hofu zaidi, kwa kuwa zina ratiba na fundi mwenye vifaa na muda huziona. Kinachonitia hofu ni kasoro iliyotiwa sahihi. Oktoba 2019 FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, iliagiza ukaguzi wa haraka wa ndege za Boeing 737 za kizazi kilichotangulia MAX, toleo jipya zaidi la 737, baada ya nyufa kuonekana kwenye kiungo kinacholishikiza bawa na bodi, kiungo kilichosanifiwa kudumu safari 90,000, ilhali kilikuwa kikipasuka kabla ya nusu ya umri huo. Ziligunduliwa kwa bahati, mafundi walipokuwa wakiibadili ndege ya abiria kuwa ya mizigo. Waliokuwa wakiitunza kila siku hawakuwa na agizo la kufungua mahali pale. Agizo haliandikwi mpaka mtu aone, na mtu haoni mpaka agizo liandikwe.

Kasoro nyingine hutokana na matengenezo. Mwaka 1978 ndege ya Japan Airlines, Boeing 747, iliburuza mkia Osaka, na ukuta wa nyuma unaozuia hewa ya ndani ukatengenezwa na mafundi wa mtengenezaji mwenyewe, ila kiraka kikakatwa vibaya kiasi kwamba mahali palipotakiwa safu mbili za ribiti pakabeba mzigo safu moja. Karatasi zilisema kazi imekamilika. Ndege iliruka safari zaidi ya 12,000 kwa kiraka hicho, mpaka tarehe 12 Agosti 1985, ukuta ulipoachia na kuuondoa mkia, wakafa watu 520 kati ya 524. Miaka 17 baadaye, Mei 2002, 747 ya China Airlines ilivunjika angani na watu 225 kwa kiraka kibovu cha mwaka 1980, kilichofichwa na rangi nzuri kwa miaka 22. Waheshimiwa, sehemu kubwa ya ndege zinazobeba watu wetu, hasa kwenye mashirika madogo, zilinunuliwa au kukodishwa zikiwa zimetumika katika nchi mbili tatu kabla ya kufika hapa. Rangi mpya na nembo mpya havimwambii mkaguzi ni wapi bodi hiyo iliwahi kugonga lami.

Sasa nije kwenye ndege mpya kabisa, maana msafiri wa kawaida hujifariji kwa kusikia harufu ya viti vipya.

Tarehe 10 Machi 2019, saa 2:38 asubuhi, Boeing 737 MAX 8 ya Ethiopian Airlines ilipaa Addis Ababa ikija Nairobi. Ilikuwa na umri wa miezi minne. Saa 2:44 ilikuwa shimo ardhini karibu na Bishoftu, na watu wote 157 wamekufa, Wakenya wakiwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Miezi minne na siku kadhaa kabla, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina hiyohiyo ya Lion Air ya Indonesia ilikuwa imezama katika Bahari ya Java na watu 189. Chanzo mnakijua, lakini naomba nikitaje kwa lugha ya karakana, kwa sababu katika lugha ya taarifa za habari kimekuwa kama mkosi wa kompyuta. Mtengenezaji alitaka injini kubwa zaidi kwenye ndege ambayo umbo lake lilianza kuruka mwaka 1967, yenye miguu mifupi. Injini hazikuenea chini ya bawa, zikasogezwa mbele na kupandishwa juu, na ndege ikawa na tabia ya kuinua pua katika hali fulani. Tabia hiyo ya muundo ikafunikwa kwa programu iliyoitwa MCAS, yenye uwezo wa kuisukuma pua chini bila kumuuliza rubani. Programu ilisikiliza kipimo kimoja tu cha mwinuko wa pua, kidubwasha kama pezi la samaki kilichochomoza ubavuni mwa pua, ingawa ndege ilikuwa na viwili. Kikidanganya kimoja, ndege inaamini uongo. Wala rubani hakuwa na habari, kwa sababu MCAS haikuandikwa katika kitabu chake mpaka baada ya Lion Air. Marubani wa Ethiopia walizima swichi za umeme uliokuwa ukiisukuma pua, kama mtengenezaji alivyoelekeza baada ya ajali ya kwanza, na gurudumu la kuirekebisha pua kwa mkono likawashinda nguvu kwa sababu ya mwendo.

Katika karakana zetu, kijana wa mwaka wa kwanza anayeweka kitu kimoja mahali panapoua kikishindwa hutumwa nje akapigwe na jua. Sasa kitu hicho kilipitaje? Kilipita kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ya kuithibitisha ndege ile ilikuwa imekasimiwa kwa wafanyakazi wa mtengenezaji mwenyewe, wakisaini kwa niaba ya FAA huku mshahara wao ukitoka kiwandani. Na baada ya Lion Air, wachambuzi wa FAA walikokotoa kwamba ndege zile zikiachwa zilivyo zingeweza kuanguka mara 15 hivi katika maisha yao yote. Hesabu hiyo ilikuwepo mezani Desemba 2018. Ndege hazikusimamishwa. Ziliendelea kuruka mpaka Bishoftu, na hata hapo China ilizisimamisha tarehe 11 Machi, Marekani tarehe 13.

Kuna habari nyingine katika mkasa huu ambayo ningependa iwekwe kwenye fremu ndani ya ofisi zenu. Mwaka 2017 Lion Air, kabla ya ajali yoyote, ilitaka marubani wake wafunzwe MAX kwenye mashine ya kuigiza urukaji. Ujumbe wa ndani wa Boeing uliotolewa hadharani Januari 2020 unaonyesha wafanyakazi wake wakilidhihaki ombi hilo na kulishawishi shirika liachane nalo, kwa kuwa mafunzo hayo yangeharibu ahadi ya biashara kwamba MAX haihitaji mafunzo mapya. Mnunuzi kutoka nchi inayoendelea aliuliza swali sahihi, akachekwa, akanyamaza.

Dhana kwamba funzo limeshaeleweka nayo ilitoka na hewa tarehe 5 Januari 2024, pale 737 MAX 9 ya Alaska Airlines, iliyokabidhiwa miezi miwili tu nyuma, ilipotokwa na kipande cha ukuta kinachoziba nafasi ya mlango, juu ya Portland, Marekani, ikiwa na watu 177. Hakuna aliyekufa, kiti kilichokuwa ubavuni mwa shimo kilikuwa kitupu. NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali, ilikuta kwamba bolti 4 za kukishika kipande kile hazikuwepo. Kiwandani Renton kilikuwa kimefunguliwa ili ribiti mbovu zirekebishwe, kikarudishwa bila bolti, na kufunguliwa kwake hakukuandikwa popote. Kwa hiyo hapakuwa na karatasi ya kumlazimu mkaguzi akatazame. Bolti nne! Kwa fundi, hilo ni sawa na daktari kusahau kushona.

Nimeyarefusha haya kwa sababu moja. Kwa utaratibu wa Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, nchi inayosajili ndege huipokea aina ya ndege kwa kutegemea zaidi cheti cha nchi iliyoisanifu. Utaratibu huo una mantiki, kwani hakuna anayetarajia Dodoma au Nairobi wajenge tangi kama la Farnborough. Lakini ulijengwa juu ya imani kwamba nchi ya usanifu imetazama kwa macho yake, na mwaka 2019 ilibainika kwamba ilikuwa ikipokea karatasi kutoka kwa yule aliyepaswa kutazamwa. Nasi tukapokea karatasi ya karatasi. Mashirika ya taifa ya Tanzania na Kenya yote yanarusha Boeing 787, aina iliyosimamishwa dunia nzima Januari 2013 kwa betri zake kuungua, na ambayo kwa muda mrefu kati ya mwaka 2021 na 2022 kiwanda kilizuiwa kukabidhi mpya kwa sababu ya mianya kwenye maungio ya bodi. Tanzania ilipokea 737 MAX 9 mwaka 2023. Sisemi ndege hizi zisitumike, ningepanda leo. Nasema tuziulize maswali kama watu walionunua kwa fedha ya umma.

Na kwa Watanzania wenzangu, hatuwezi kuwaonyesha wengine kidole mikono yetu ikiwa michafu. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliliweka shirika letu la taifa katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa anga lake, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yaliyosajiliwa nchini, ukitaja upungufu katika usimamizi wa Mamlaka yetu ya usafiri wa anga na uhaba wa watumishi wenye sifa. Nimesikia wanasiasa wakiliita hilo vita vya biashara. Mimi najua ofisi inavyokuwa pale wakaguzi wachache wanapogawana ndege za nchi nzima, na najua kijana mwenye leseni nzuri anavyoondoka kwenda Doha au Dubai kwa mshahara mara tatu. Huyo ndiye mkaguzi tunayemkosa.

Ninachoomba, kwanza kabisa, ni daftari la wazi. Kila agizo la usalama linalotolewa na nchi ya usanifu kuhusu aina ya ndege iliyosajiliwa kwetu liwekwe hadharani kwa Kiswahili chepesi, pamoja na namba ya usajili wa kila ndege inayohusika, tarehe iliyokaguliwa na kilichoonekana. Mtaniambia abiria hataelewa. Machi 1974, katika uwanja wa Orly, Paris, mpakiaji mizigo aliufunga mlango wa DC-10 ya Turkish Airlines ambao haukuwa umejifunga sawasawa; onyo lilikuwa limebandikwa hapo kwa Kiingereza na Kituruki, naye hakusoma hata moja kati ya hizo. Wakafa watu 346. Mlango ule ulishawahi kufunguka angani Juni 1972 juu ya Windsor, Kanada, na FAA, badala ya kutoa agizo la lazima, ilipatana na mtengenezaji kwa mdomo kwamba atarekebisha. Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya. Hakijafika kwenye mlango wa ndege.

Pili, ndege iliyotumika isisajiliwe mpaka ije na ramani ya viraka vyake vyote tangu ilipotoka kiwandani, na mkaguzi wa serikali aipitie ramani hiyo akiwa amesimama chini ya bodi yenyewe, tochi mkononi. Kwa ndege za safari fupi za pwani, muda wa ukaguzi wa kutu upunguzwe kwa kanuni zetu wenyewe, bila kungoja Marekani waone chumvi ya Mombasa.

Tatu ni fundi. Aliyeziona nyufa na kuzisaini asiachwe chini ya huruma ya meneja wa zamu. Mwekeeni njia ya kuripoti moja kwa moja kwa Mamlaka, jina lake likifichwa kwa sheria, na adhabu iwe kwa mwajiri anayemtoa kazini. Hili halina gharama ya kujadiliwa bungeni.

Kuhusu CASSOA nina neno fupi: maswali ya nchi nane yakiulizwa kwa barua moja, hakuna mtengenezaji atakayecheka.

Najua haya yote hayawezi kufanyika mwaka huu wa fedha. Kwa hiyo naomba mwanzo uwe ndege moja na ukurasa mmoja: chagueni ndege yoyote inayobeba abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja, andikeni idadi ya safari zake, maagizo ya usalama ambayo bado hayajatekelezwa juu yake na tarehe ya mwisho fundi alipoipulizia wino mwekundu, mkaubandike ukurasa huo pale abiria wanapopanga foleni ya kukabidhi mizigo. Nakala ya barua hii nitaifikisha mwenyewe masjala ya Mamlaka, Dar es Salaam, nigongewe muhuri wa kupokelewa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa ndege mstaafu
Dar es Salaam